Bwawa limejaa, jikoni bado mkaa

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Sado moja au mbili?"

Ilikuwa jioni, saa moja kasoro, watu wanarudi makazini na foleni ya Barabara ya Morogoro ikisikika kwa mbali. Redio ndogo ya Shangazi inaning'inia kwenye msumari wa kibanda chake, na siku hiyo mtangazaji alikuwa anazungumzia Bwawa la Julius Nyerere: mitambo yote tisa inafanya kazi, megawati 2,115. Shangazi alijaza sado, kile kindoo chake cha kupimia, akaipigapiga ubavuni ili mkaa ukae vizuri, akaongeza nyongeza ya viganja viwili kama ilivyo desturi yake, kisha akaimimina kwenye mfuko wangu. Vumbi jeusi likapanda. Ndipo akaniuliza, macho yake yakiwa bado kwenye mfuko:

"Umeme wenyewe umejaa hivyo, mbona bado mnakuja kwangu?"

Nikacheka, nikalipa, nikaondoka.

Swali lilibaki.

Lilinifuata nyumbani usiku ule, likanifuata kazini, na kwa wiki kadhaa kila nilipomwona binti yangu ameinama anapepea jiko, lilirudi upya. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale walioshangilia. Mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha Februari 2024, baada ya miezi ya mgao iliyotuchosha sote, niliandika hapahapa kwamba nchi imevuka. Niliandika kwamba sasa tunaingia kwenye nishati safi. Na niliandika hayo maharage yakiwa yanachemka nyuma yangu juu ya mkaa.

Daftari la wiki tatu

Nikaamua kupima.

Nilichukua daftari la shule lililobaki na kurasa chache, nikaazima mizani ndogo kwa jirani anayeuza nyama, na kila asubuhi kabla ya jiko kuwashwa nikawa napima mkaa wa siku hiyo. Jioni nasoma namba kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Siku 21, bila kuruka hata moja. Sisi ni watu watano nyumbani. Tuna friji, televisheni, feni mbili, pasi na taa. Hatuna kiyoyozi.

Umeme tuliotumia siku hizo zote: uniti 38.

Mkaa: kilo 34.

Kwa mtu wa kawaida namba hizi mbili hazizungumzi lugha moja, na nadhani ndiyo maana hatujawahi kuziweka pamoja. Lakini mkaa nao ni nishati, na nishati hupimika. Kilo moja ya mkaa mzuri mkavu ina joto la takriban megajuli 30, ambazo ni kama uniti nane za umeme. Kwa hiyo kilo zangu 34 zilikuwa na uniti zipatazo 270 ndani yake.

Uniti 270 kwa 38.

Niliikagua hesabu hiyo mara tatu. Nyumba yangu, yenye mita ukutani na nguzo mlangoni, inaendeshwa na mkaa. Umeme ni wa pembeni. Unatuangazia, unapoza maji, unatuonyesha taarifa ya habari. Kinachotulisha ni gunia.

Na sehemu kubwa ya joto hilo halifiki hata kwenye sufuria. Jiko la kawaida la bati hupitisha chakulani labda moja ya tano ya joto la mkaa. Kinachobaki kinapasha ukuta, kinapasha hewa, kinamchoma macho anayepepea.

Chati tunayoonyeshwa

Kila mwaka wakati wa bajeti ya Wizara ya Nishati tunapata ile chati ya vyanzo: maji kiasi hiki, gesi asilia kiasi hiki, mafuta kidogo, jua na tungamotaka (mabaki ya mimea) kidogo zaidi. Ni chati ya kweli, na ina historia ninayoipenda. Vituo vya umeme wa maji: Hale mwaka 1964, Kidatu 1975, Mtera, Pangani, Kihansi. Nchi iliyokuwa inaishi kwa maji karibu peke yake, mpaka ukame ulipotufundisha adabu miaka ya tisini na tena 2006. Kisha gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kusubiri miaka 30 kabla haijawasha taa ya Dar es Salaam mwaka 2004. Kisha bomba la gesi la Mtwara, 2015, na mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Gesi ikawa inatoa zaidi ya nusu ya umeme wetu. Sasa Bwawa la Nyerere, lililojengwa kwenye Mto Rufiji, limegeuza mizani tena na maji yamerudi mbele.

Ni safari kubwa. Siibezi hata kidogo.

Ila chati hiyo ni ya umeme, si ya nishati. Ukichora ya nishati yote ambayo Watanzania wanaitumia, kuni na mkaa vinachukua zaidi ya robo tatu ya duara, na lile bwawa tulilojenga kwa trilioni 6.5 linaingia kwenye kipande chembamba. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wenyewe unakiri kwamba mwaka 2021 ni asilimia 6.9 tu ya kaya zilizokuwa zinatumia nishati safi kupikia. Lengo ni asilimia 80 ifikapo 2034.

Kutoka 6.9 kwenda 80.

Nilipozisoma namba hizo mara ya kwanza nilizipita haraka kama tunavyozipita namba za mikakati. Baada ya daftari langu nilizirudia polepole. Mimi, mwenye ajira na friji, nimo kwenye ile 93.

Mto ni uleule

Siku moja nilimuuliza Shangazi mkaa wake unatoka wapi. Alinionyesha kwa kidole. "Haya ya mwisho kule ni ya Pwani, mepesi, yanaisha upesi. Haya hapa ya mbele ya Ifakara. Mazito. Ukiyawasha asubuhi unayakuta jioni."

Nikachukua ya Ifakara, kama kawaida. Nilikuwa nimefika nyumbani nilipoelewa nilichokuwa nimebeba.

Ifakara ni Bonde la Kilombero. Na Kilombero ndio mto unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Ruaha Mkuu tuliokuwa tukiutegemea kwa Mtera na Kidatu umekuwa ukikauka sehemu fulani za mwaka tangu miaka ya tisini, na Luwegu una sehemu yake, lakini anayelijaza bwawa hasa ni Kilombero. Msitu unaoshika mvua kule juu, ukaiachia kidogokidogo mpaka kiangazi, ndio mtambo wa kumi ambao hakuna aliyeuzindua.

Nami niliubeba kwenye mfuko wa plastiki.

Sitaki kutia chumvi. Si kila gunia linaloingia Dar linatoka bonde hilo; mengi ni ya Pwani, Tanga, Lindi, na upande wa Morogoro ambao maji yake yanakwenda Mto Wami. Na wanaofyeka zaidi ni wakulima wanaotafuta shamba, si wachoma mkaa peke yao. Lakini takwimu za serikali zinasema tulikuwa tukipoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka, na hakuna mtu atakayenishawishi kwamba jiji hili, linalokadiriwa kula karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, halina mkono kwenye hasara hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kusoma. Kilo moja ya mkaa kwenye tanuri la udongo hutoka kwenye kilo tano mpaka kumi za kuni. Zilizobaki zinaondoka na moshi, na moshi wa tanuri lililofukiwa una methani, gesi inayotega joto angani kupita hewa ukaa ya kawaida. Kwa hiyo kabla sijawasha kibiriti, sehemu kubwa ya uharibifu imeshafanyika, mbali, kwa mtu ambaye sitamwona, na mapafu yake.

Zile kilo 34 zangu zilikuwa, kwa makadirio ya chini, kilo 170 za mti.

Sifuri ya nani?

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Dunia inazungumzia sifuri halisi: nchi isitoe hewa ukaa nyingi kuliko ile inayofyonzwa. Tanzania imeahidi kupunguza uzalishaji wake kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na jinsi hali ambavyo ingekuwa tusipochukua hatua. Na kila ninapoliandika hili, kuna msomaji atakayeniuliza, kwa haki kabisa: sisi tumetoa nini? Mtanzania mmoja, ukihesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe, hafikishi hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unapita tani nne. Afrika yote haifiki asilimia nne ya uzalishaji wa dunia. Kwa nini mama wa Mbagala abebe deni la kiwanda cha Ulaya?

Nilikuwa nakubaliana na hoja hiyo kwa moyo wote. Bado nakubaliana nayo inapohusu gesi yetu ya baharini, na inapohusu wale wanaotufundisha kujinyima huku wao wanaagiza meli za gesi.

Ila hoja hiyo imetujengea ukuta ambao hatuoni ng'ambo yake. Tunapohesabu hewa ukaa ya viwanda na magari, kweli sisi ni wadogo. Ukiingiza misitu na ardhi, sura inabadilika, kwa maana sehemu kubwa ya tunachotoa inatoka huko. Na zaidi ya hewa ukaa kuna vifo. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja watu wapatao 33,000 wanaokufa kila mwaka kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa kupikia. Hao hawafi kwa ajili ya deni la Ulaya. Wanakufa jikoni kwetu.

Kwa hiyo nikaacha kuuliza sifuri ni ya nani. Nikaanza kuuliza inaanzia chumba gani.

Nilichokosea kuhusu mkaa

Wiki ya pili ya daftari nilikuwa nimeshageuka adui wa mkaa. Nilitaka upigwe marufuku. Kisha nikakumbuka kwamba tulishajaribu: mwaka 2006 usafirishaji wa mkaa ulipigwa marufuku, na amri hiyo haikudumu wiki nyingi. Watu lazima wale.

Nikasoma pia habari za Kilosa. Tangu 2012 kumekuwa na mradi wa mkaa endelevu katika vijiji vyenye misitu yao wenyewe. Kijiji kinatenga kipande, kinakigawa vitalu, kinavuna kwa zamu inayokwenda miaka 24, na ushuru unabaki kijijini kujenga darasa au zahanati. Miti ya miombo, mingi yake, haifi ikikatwa. Kisiki kinachipua. Ukikiacha bila kulima na bila moto, msitu unarudi, na kaboni iliyotoka kwenye jiko langu inarudi kwenye shina.

Hilo lilinitikisa. Maana mkaa wa namna hiyo, ukiuweka kwenye mizani ya sifuri halisi, huenda ukawa bora kuliko mtungi wa gesi niliokuwa najiandaa kuununua, gesi iliyochimbwa ng'ambo na kuletwa kwa meli, isiyochipua kamwe.

Lakini jikoni moshi ni uleule, na kwa kibanda cha Shangazi huwezi kulitenga gunia la kisiki kinachochipua na gunia la msitu uliogeuzwa shamba. Yote ni meusi.

Vivyo hivyo umeme wa maji si malaika. Anayetaka ushahidi asome habari za chura wa Kihansi, yule mdogo wa rangi ya dhahabu aliyekuwa akiishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi. Aligunduliwa 1996. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, na 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wachache walikuwa wamepelekwa kulelewa Marekani, wakarudishwa 2012 na kunyunyiziwa maji kwa mipira. Kila ninapowasha taa namkumbuka kidogo.

Kopo

Nikarudi kwenye swali la Shangazi, safari hii kama swali la kweli. Mbona bado tunakuja?

Jibu la haraka ni bei, na nilidhani bei ndiyo kila kitu. Nikamwangalia Shangazi akiuza. Nilikaa pale kibandani Jumamosi moja karibu saa nzima, kwenye kigoda chake. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, na wawili tu ndio walionunua sado. Wengine wote walinunua kopo. Kopo la mchana, kopo la usiku. Mtoto ametumwa na hela ameikunja kiganjani, imelowa jasho.

Mtaani kwetu mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo. Ukiisha umeisha, na hata ule mdogo wa kilo sita unaujaza kwa hela ambayo mtu wa kipato cha kila siku hana siku hiyo. Ndiyo maana mtaani kwetu kuna mitungi iliyogawiwa kwenye hafla, yenye rangi nzuri, iliyokaa pembeni ya jiko la mkaa miezi na miezi bila kujazwa. Wenye mitungi hiyo wanaupenda usafi kama mimi. Hela yao ndiyo inayoingia kwa makopo.

Na hapo, kwenye kigoda, nikakumbuka kitu ambacho nimekuwa nikikifanya miaka yote. LUKU nanunua ya elfu moja. Ya elfu mbili. Kwa simu, usiku, taa zikikaribia kuzima.

Umeme unauzwa kwa kopo!

Ni nishati ya kisasa ambayo imeshajifunza kuuzwa kama mkaa unavyouzwa, na waya umeshafika. Nikaenda kununua presha kuka ya umeme, hela ya vikoba. Jumapili ile nikapika kilo moja ya maharage ambayo sikuyaloweka. Nikasoma mita kabla, nikasoma baada: nusu uniti, na kidogo juu. Maharage yaleyale kwenye jiko yalikuwa yakinila mkaa wa gramu 700, ambao una joto la uniti tano na nusu. Nilisimama mbele ya mita nikiwa na mwiko mkononi. Binti yangu akaniuliza, "Mama, imeharibika?"

Uniti ya 76

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipopiga hesabu ya mwezi.

Niko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambalo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Matumizi yangu ya kawaida ni kama 54. Nikipika wali, maharage, makande na chai kwa umeme, nitaongeza uniti moja kwa siku, pengine zaidi. Nafika 84.

Yaani bei nafuu iliyowekwa kumlinda mtu wa chini inamlinda ili mradi asipike.

Sidhani aliyeiweka alikusudia hivyo. Ilipangwa wakati umeme ulikuwa wa taa na redio, na wakati hata huo wa taa haukutosha. Lakini Machi 2024, wiki chache baada ya mtambo wa kwanza wa Rufiji kuanza, mvua ilikuwa kubwa na umeme ukazidi mahitaji, mpaka baadhi ya vituo vya umeme wa maji vikazimwa. Tulizima mitambo. Mwezi huohuo Dar iliendelea kula magunia. Kama kuna mstari mmoja ambao ningeomba wenye mamlaka wauangalie kabla ya kujenga kituo kingine chochote, ni huo wa uniti ya 75. Mpishi awe na kopo lake la bei nafuu, hata kama ni uniti 30 za ziada. Mambo mengine makubwa, jua la Kishapu, upepo wa Singida, njia za msongo mkubwa, yaendelee. Ila hilo moja linagusa sufuria mwezi huuhuu.

Sado moja

Juzi nilikwenda kwa Shangazi. Ilikuwa wiki ya pili sijafika.

"Umehama?"

"Sijahama Shangazi. Nimenunua presha kuka."

Hakusema kitu kwa muda. Alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za Kilombero, za daftari, za kilo 170 za mti, na ghafla maneno yote yakanikauka, kwa sababu mbele yangu alikaa mama aliyesomesha watoto wanne kwa makopo. Hakuna ukurasa wowote wa mkakati wowote nilioupitia ambao ulinijibu yeye atauza nini mwaka 2034.

"Mbili au moja?" akauliza.

"Moja. Ya chapati."

Akajaza, akapigapiga, akaongeza viganja viwili. Alipokuwa ananikabidhi mfuko akaniangalia usoni.

"Hiyo kuka yako. Maharage inakula uniti ngapi?"

"Nusu, Shangazi. Na kidogo juu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. Akafika mahali akasimama, akarudia tangu mwanzo.

"Na makongoro?"

Nikamwambia sijajaribu bado. Akasema nikijaribu nije nimwambie, na akanirudishia shilingi mia mbili za chenji.